Santuri Adimu: Leicester, Nairobi na Njia ya Kuja Jinja

Mwaka 1971 bendi moja ya vijana wa mji wa Leicester, Uingereza, ilitoa albamu iliyobeba jina la bendi yenyewe, Spring. Ilitolewa na Neon, lebo ndogo iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya RCA. Watu waliokwenda dukani kuinunua walikuwa wachache sana. Bendi ikavunjika, na Neon nayo haikudumu. Leo nakala halisi ya santuri hiyo inatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani, na bei yake inaweza kukaribia ada ya muhula mzima wa mwanafunzi kama mimi.

Ninaanza na Spring kwa sababu inanisaidia kuuliza swali kuhusu miji yangu miwili. Mimi ni mzaliwa wa Jinja, na ninasoma Historia na Kiswahili mjini Mbale. Kwa mihula miwili nimekuwa nikiwauliza wazee wa miji hii kuhusu muziki waliousikiliza ujanani, kati ya uhuru wa Uganda mwaka 1962 na kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979. Karibu wote wanazikumbuka santuri. Karibu wote hawana hata moja. Kwa nini santuri ambayo Waingereza waliikataa bado ipo, na zile ambazo wazee wetu walizipenda hazipo?

Hoja yangu ni hii. Santuri ya Uingereza ilikuwa adimu kwa kukosa wanunuzi, lakini karibu kila kitu kilichoizunguka kilihifadhiwa. Santuri za kwetu zilikuwa adimu baada ya kupendwa, kwa sababu wasikilizaji, wauzaji na njia ya kuzileta viliondolewa kimoja baada ya kingine katika miaka ya 1970, 1972 na 1977. Kwa hiyo neno "adimu" lina historia mbili tofauti, na tukizichanganya hatutaielewa historia ya muziki wa mashariki ya Uganda.

Uadimu wa Waingereza

Kwanza nieleze muziki wenyewe. Kuanzia mwaka 1966 hivi, bendi nyingi za Uingereza zilianza kuuvuruga muziki wa roki makusudi. Gita lilipitishwa kwenye mashine za kupotosha sauti, kanda zilichezwa kinyume, na mashairi yalisimulia ndoto. Huo uliitwa muziki wa saikedeliki. Albamu ya kwanza ya Pink Floyd, ya mwaka 1967, ni mfano unaojulikana sana. Baada yake ikaja roki ya progresivu, yenye nyimbo ndefu za sehemu nyingi, zinazokopa kutoka muziki wa jazi na ule wa okestra za Ulaya. King Crimson walifungua mlango huo mwaka 1969.

Kampuni kubwa hazikuuelewa muziki huu, lakini ziliona kwamba vijana wana fedha. Zikaunda lebo maalumu za kuukamata. EMI ilianzisha Harvest, Philips ikaanzisha Vertigo, Decca ilikuwa na Deram, Pye ikaja na Dawn, na RCA ikaja na Neon. Lebo hizi zilirekodi bendi nyingi kwa muda mfupi, kama mkulima anayemwaga mbegu bila kuchagua. Bendi chache zilitajirika. Nyingine zilitoa albamu moja tu na kutoweka.

Spring walikuwa miongoni mwa hao wa albamu moja. Sifa yao ni kwamba wachezaji watatu wa bendi hiyo walipiga melotroni, kinanda ambacho kila kibao chake kikibonyezwa huvuta kipande cha utepe uliorekodiwa sauti za fidla au filimbi. Wengine walikuwa na bahati mbaya zaidi. Mwaka 1972, katika mji wa Northampton, bendi iliyoitwa Dark ilichapa albamu yake Round the Edges kwa fedha zake yenyewe, nakala zisizofika mia moja. Mwimbaji Vashti Bunyan alitoa Just Another Diamond Day mwaka 1970, zikauzwa nakala mia chache, naye akaacha muziki akaenda kuishi mashambani na kulea watoto.

Lakini tazama kilichofuata. Albamu ya Vashti Bunyan ilitolewa upya mwaka 2000, na mwaka 2005 akatoa nyingine mpya. Hilo liliwezekana kwa sababu kanda zilikuwepo, mikataba ilikuwepo, na magazeti ya muziki ya wakati ule yalikuwa yameandika habari za wanamuziki wadogo kwa wakubwa. Tangu mwaka 1955 nchi hiyo ilikuwa na taasisi ya kuhifadhi sauti zilizorekodiwa, ambayo mwaka 1983 iliingizwa katika Maktaba ya Uingereza. Namba iliyochapwa kwenye kibandiko cha santuri ilitosha kumwongoza mtafutaji hadi kwenye faili. Waliokosekana mwaka 1971 walikuwa wanunuzi tu. Mengine yote yalikaa mahali pake yakisubiri.

Jinsi santuri zilivyofika kwetu

Sasa turudi nyumbani. Reli iliyotoka Mombasa ilivuka mto Nile hapa Jinja mwaka 1931, na tawi lake kutoka Tororo lilipita Mbale kwenda Soroti. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaleta viwanda, kikiwemo kile cha nguo ambacho kila mtu wa Jinja anakijua kwa jina la Nytil. Wafanyakazi walitoka Busoga, Acholi, Bugisu na West Nile, na wengi sana walitoka Kenya magharibi. Waliishi katika nyumba za Walukuba, na lugha waliyokutana nayo mlangoni ilikuwa Kiswahili. Mbale ilipata fedha kutokana na kahawa ya mlima Elgon. Chama cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, na wazee wanasema kwamba baada ya kuuza kahawa, mtu alinunua baiskeli kwanza na gramafoni baadaye.

Santuri zenyewe zilitoka Nairobi. Huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha East African Records cha kuzichapa, na huko ndiko Charles Worrod alikoendesha studio ya Equator Sound katika miaka ya 1960. Bendi ya studio hiyo ilikuwa Afrika Mashariki ndogo: Fadhili William na Daudi Kabaka wa Kenya, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia, na Charles Sonko wa Uganda. Mwanamuziki wa Kampala au Jinja aliyetaka santuri alipanda gari moshi kwenda Nairobi. Baada ya miezi kadhaa santuri ikarudi kwa reli ile ile, ikaingia katika maduka ya barabara kuu, ambayo mengi yalikuwa ya Wahindi.

Mzee mmoja wa Walukuba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo, alinieleza jinsi walivyonunua. "Mjukuu wangu, santuri moja ilikuwa ya watu watatu. Tunachanga mwisho wa mwezi. Jumatatu inalala kwangu, Jumanne kwa jirani, Jumamosi iko kwenye pombe." Nilipomwuliza kuhusu sindano, alicheka. Sindano za chuma zilitakiwa kubadilishwa mara kwa mara, lakini wao walizinoa kwenye kando ya kiberiti na kuzirudisha. Sindano butu inakwangua mfereji wa santuri kila inapozunguka. Kwa maneno mengine, wimbo uliopendwa sana ulikufa mapema zaidi kuliko wimbo uliochukiwa. Santuri ya Spring iliyokaa kwenye rafu ya duka la Leicester bila mnunuzi ilikuwa salama. Santuri iliyopigwa kila Jumamosi Walukuba ilikuwa inaliwa.

Roki ya Afrika Mashariki

Huenda msomaji atauliza kama muziki wa roki ulitufikia kweli. Ulitufikia. Mama mmoja wa Mbale, ambaye mwaka 1969 alikuwa msichana wa shule, aliniambia kwamba hawakujua neno saikedeliki. "Tuliuita muziki wa Wazungu wenye nywele," alisema. Waliusikia redioni, na waliucheza kwenye densi za mchana pamoja na rumba ya Kongo na nyimbo za James Brown, bila kuona kwamba vitu hivyo vinagombana.

Wanamuziki wetu nao hawakuona ugomvi. Kundi la Matata la Nairobi, likiongozwa na Steele Beauttah, lilikwenda London mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kutoa albamu mbili, Air Fiesta na Independence, kupitia President Records. Dar es Salaam kulikuwa na Sunburst, bendi ya Watanzania na Wakongo iliyoanza mwaka 1970 na kuchanganya roki, soul na midundo ya pwani. Albamu yao ya pekee, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976. Wazambia wa Musi-O-Tunya walifanya safari ya upande mwingine: walikuja Nairobi na kurekodi Wings of Africa, iliyotoka mwaka 1975. Kule kwao muziki wa aina hiyo unaitwa Zamrock, na bendi ya WITCH ndiyo mashuhuri zaidi.

Uganda je? Kampala ilikuwa na The Cranes, bendi ambayo baadhi ya wanamuziki wake walianzisha Afrigo mwaka 1975. Peterson Mutebi na The Tames walikuwa na wapenzi wengi. Hata majeshi yalikuwa na bendi zake, mojawapo ikiwa ile ya kikosi cha Suicide cha Masaka. Vipaji havikukosekana, wala magita ya umeme. Lakini sijaona albamu ndefu ya roki kutoka Jinja au Mbale, na sidhani kwamba sababu ni vijana wa huku kukosa hamu. Sababu ni kwamba wakati ambapo wenzao wa Nairobi na Zambia walikuwa wakiingia studio, minyororo iliyouunganisha mji wetu na studio ilikuwa inakatwa.

Mikato mitatu

Mkato wa kwanza haukufanywa na Amin. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao Wajaluo. Walukuba iliwapoteza watu ambao walikuwa wananunua santuri za Nairobi, wanaelewa maneno yake, na wana ndugu huko wa kuwatumia mpya. Mzee wangu wa Walukuba anaikumbuka siku jirani yake alipoondoka. Ile santuri ya watu watatu ikabaki ya wawili.

Mkato wa pili unajulikana zaidi. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Maduka ya Jinja na Mbale yaligawiwa kwa wanajeshi na wengine waliokuwa karibu na serikali, watu ambao Waganda waliwapa jina la Kiswahili, mafuta mingi. Wazee wawili wa Mbale, kila mmoja kwa wakati wake, walinieleza jambo lile lile kuhusu duka lililokuwa likiuza santuri. Mwenye duka mpya aliuza kila kitu alichokikuta, santuri pamoja na sabuni na chumvi, kwa bei aliyoikisia. Bidhaa zilipokwisha, hakuagiza nyingine, kwa kuwa hakujua ziliagizwa kwa nani. Maarifa ya biashara ile, yaani nani wa kumwandikia Nairobi, nyimbo zipi zinatoka wiki gani, mteja gani anapenda nini, yalipanda ndege pamoja na mwenyewe.

Na hapa njia ya Jinja inakutana na njia ya Leicester. Waasia wapatao 27,000 kutoka Uganda waliingia Uingereza. Septemba 1972 halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende katika mji huo. Walikwenda hata hivyo, kwa maelfu, na leo ni sehemu kubwa ya uhai wa mji ule. Kwa hiyo mwaka mmoja tu baada ya Spring kutoa albamu ambayo hakuna aliyeitaka, mji wao uliwapokea watu ambao hapo awali ulisema hauwataki, na huenda baadhi yao ndio waliokuwa wakiwauzia babu zetu nyimbo. Walisafiri na fedha kidogo sana waliyoruhusiwa kutoka nayo. Si rahisi kufikiri kwamba waliacha dhahabu wakabeba santuri.

Mwaka huo huo sketi fupi zilipigwa marufuku nchini. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini mama wa Mbale alilitaja kabla ya kufukuzwa kwa Wahindi. Kwake yeye, densi ya mchana ilikufa siku ambayo msichana alianza kuogopa kukamatwa njiani akienda huko.

Mkato wa tatu ulikuwa wa njia yenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli la pamoja likagawanywa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi mwaka 1983. Wa kwetu haukufungwa kwa miaka kama ule, lakini shilingi ya Uganda ilikuwa imeporomoka, na biashara ya mpakani ikawa magendo. Anayevuka Malaba au Busia usiku akiwa na mzigo kichwani hubeba sukari na sabuni. Santuri ni nzito, inavunjika, na haina faida. Ilipofika miaka ya 1980 kanda zilikuwa zimeenea, wimbo mmoja ukawa unanakiliwa mara mia bila jina la mwimbaji wala la lebo. Kanda iliokoa sauti nyingi, lakini ilizitenganisha na majina yake.

Mtoto wa Soroti

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaunganisha mambo haya yote. Geoffrey Oryema alizaliwa Soroti mwaka 1953, mji ulio mbele ya Mbale kwenye reli ile ile. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa mkuu wa polisi na kisha waziri. Februari 1977 baba huyo aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri Charles Oboth Ofumbi. Kijana Geoffrey alitoroshwa hadi Kenya akiwa amefichwa katika buti la gari, kisha akaishi Ufaransa.

Mwaka 1990 alitoa albamu yake ya kwanza, Exile. Lebo ilikuwa Real World, iliyoanzishwa na Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa Genesis, mojawapo ya bendi kubwa za roki ya progresivu. Mtayarishaji alikuwa Brian Eno, aliyewahi kupiga vinanda katika Roxy Music. Juu ya sauti zao Oryema alipiga nanga na lukeme, akaimba Kiacholi na Kiswahili.

Wakosoaji wa Ulaya waliisifu. Mimi nilipoiulizia katika vibanda vya Mbale vinavyonakili muziki kwenye simu, vijana wanaoviendesha hawakulijua jina lake. Mwishoni mwa mwaka 2016 Oryema alirudi Uganda kutumbuiza, baada ya karibu miaka arobaini. Alifariki Ufaransa Juni 2018. Albamu yake si adimu London wala Paris. Ni adimu katika mkoa aliozaliwa. Huu ni uadimu wa aina ya pili, na haujaisha pamoja na miaka ya sabini.

Nani ametunza?

Tangu miaka ya 2000 lebo za nje zimekuwa zikitoa upya muziki wa Afrika Mashariki na jirani zake. Now-Again ya California ilikusanya albamu za WITCH mwaka 2012. Soundway ya London ilitoa Kenya Special mwaka 2013, mkusanyiko wa nyimbo ambazo nyingi zilikuwa zimetoka kwenye santuri ndogo tu. Strut ilitoa kazi zote za Sunburst mwaka 2016. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel "Jagari" Chanda, alikuwa akichimba vito Zambia watu hawa walipomtafuta. Sasa amezunguka dunia akiimba, na mwaka 2023 bendi ilitoa albamu mpya.

Wapo wanaoziona lebo hizi kama wezi wapya. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mzee Chanda alipata jukwaa tena akiwa hai, na hilo ni zaidi ya tulivyowafanyia wazee wengi wa hapa. Nairobi kuna Ketebul Music, ambao wamefanya kazi ya kuwatafuta wanamuziki wa zamani wa Kenya na kuandika habari zao, na hawakusubiri mtu wa nje awaanzishie. Tatizo ninaloliona ni jingine. Mkusanyaji hununua kinachosikika vizuri masikioni mwake leo. Akisikia gita lenye sauti ya kupotoshwa, analipa. Akisikia wimbo wa kawaida wa densi uliopendwa na Walukuba nzima, anaupita. Historia yetu ikiandikwa kwa orodha yake, itaonekana kana kwamba wazee wetu walisikiliza saikedeliki asubuhi na jioni.

Wataalamu waliotangulia walikuwa na ungo wa namna yake. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948, alizunguka nchi akirekodi, na kanda zake zimo katika Maktaba ya Uingereza. Nakala zimerudishwa Makerere. Hugh Tracey alikuja mwaka 1950 na 1952. Kwa sehemu kubwa walitafuta ngoma za asili na muziki wa ikulu, na tuna deni kwao, kwa sababu muziki wa ikulu ya Kabaka ulipata pigo kubwa ikulu iliposhambuliwa mwaka 1966. Lakini gita la mfanyakazi wa kiwandani halikuwa la asili vya kutosha kwa mtaalamu, wala la ajabu vya kutosha kwa mkusanyaji. Limeanguka katikati.

Leo Jinja ina jina jipya katika muziki. Tamasha la Nyege Nyege lilianza hapa mwaka 2015, na lebo yake ya Kampala imetoa santuri zinazosikilizwa Ulaya. Mwaka 2023 ilitoa albamu ya kikundi cha Nakibembe cha Busoga, wanaopiga embaire, marimba kubwa ya magogo inayowekwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Nafurahi kwamba muziki wa nyumbani umefika huko. Lakini santuri yenyewe sijaiona ikiuzwa Jinja. Miaka hamsini ijayo mwanafunzi mwingine atauliza ilikuwa wapi, na afadhali jibu lake liwe rahisi kuliko langu.

Kazi iliyobaki

Nadhani kazi hii inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Uganda wengi bado wanakiona Kiswahili kama lugha ya askari, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukisaidia kupendwa. Lakini katika nyumba za Walukuba Kiswahili kilikuwa lugha ya kuchanga fedha, ya kuagiza wimbo na ya kugombana kuhusu zamu ya santuri. Mzee wa Kiacholi na jirani yake wa Kisamia wanaikumbuka miaka ile kwa lugha hii. Anayewahoji kwa Kiingereza anapata tarehe. Anayewahoji kwa Kiswahili anapata habari.

Kazi haihitaji fedha nyingi. Ukikuta santuri, hata iliyovunjika, andika jina la lebo na namba iliyo kwenye kibandiko, majina ya waimbaji na watunzi, na muhuri wa duka kama upo. Piga picha pande zote mbili. Mwulize mwenyewe aliinunua wapi, kwa mshahara wa kazi gani, na waliicheza nani na nani. Usiinunue ili uiuze. Namba ya kibandiko inaweza kutuongoza hadi Nairobi, na kutoka Nairobi huenda tukaipata kanda.

Mpaka sasa nimeorodhesha santuri kumi na saba, zote za mama wa Mbale, alizozificha katika sanduku la bati chini ya kitenge wakati maduka yalipokuwa yakigawiwa. Karibu zote zimechapwa Nairobi. Kwenye bahasha ya mojawapo mtu ameandika majina matatu kwa kalamu ya wino, na kando ya kila jina siku ya wiki. Nimempelekea picha yake mzee wa Walukuba, kupitia simu ya mjukuu wake. Amejibu kwamba hawafahamu watu hao, ila nao pia walikuwa wakiandika hivyo hivyo, na ananitaka nije Jumamosi kwa sababu amekumbuka majina ya maduka mawili zaidi.